Kamba ya Kiunoni

Novemba ya 2012, nikiwa na mwaka wa nne katika jimbo la Maine, Marekani, jirani yangu mmoja mzee alinialika tukatege biva, wale wanyama wa majini wanaotafuna miti na kujenga mabwawa, kwa kuwa walikuwa wameziba kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, kwa matawi na tope hata maji yakaifunika barabara yake ya msituni. Nilikuwa nimehudhuria kozi na kupata leseni, tena utotoni Kigoma nilikwisha tega kanga kwa tanzi, nikajiona fundi.

Mtego wenyewe, aina aliyoibuni mtegaji wa Kanada, Frank Conibear, ili mnyama afe upesi badala ya kushikwa mguu tu, ulikuwa wa namba 330: fremu mbili za chuma, kila upande inchi 10, na springi mbili kali. Hutegwa majini kwenye njia ya biva, na juu yake hulazwa gogo kavu usawa wa maji, ili anapolifikia apige mbizi na kutia kichwa ndani ya fremu. Akizisukuma waya mbili zinazoning'inia katikati, springi hufyatuka na fremu humbana shingoni au kifuani.

Kabla hatujaingia majini, mzee alinifunga kiunoni kamba yenye kitanzi ncha moja. Nilicheka moyoni, nikidhani ameona suruali yangu inapwaya.

Nilizibana springi kwa koleo la mikono mirefu, nikazitia kulabu za usalama, nikaushikiza mtego kati ya miti miwili tuliyoichomeka matopeni, kisha nikazitoa kulabu. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini waya mmoja ulikuwa umepinda kidogo, na mimi, kwa unadhifu usio na maana, nikapeleka mkono kuunyoosha.

Sikupiga kelele, kwa maana pumzi ilinikatika. Chuma kilikuwa kimenibana juu kidogo ya kiwiko cha mkono, na vidole vikaanza kufa ganzi. Mzee, aliyekuwa ng'ambo ya bwawa, hakukimbia wala hakupaza sauti.

"Kamba, kijana. Ipitishe kwenye pete za springi."

Nililifungua fundo la kamba kwa meno, nikaung'oa mtego pamoja na mti mmoja, nikajikokota hadi ukingoni. Nikapitisha kamba kwenye pete zote mbili, nikairudisha mara ya pili, nikatia buti kwenye kitanzi na kuvuta kwa mkono uliobaki mpaka springi ya kwanza ikalala na kulabu ikaishika. Ya pili niliivuta huku nikitetemeka. Mzee alipofika nilikuwa nimekwisha jinasua. Akaukagua mkono, akaona mfupa haujavunjika, akautega mtego upya bila neno.

Asubuhi tulimkuta biva mkubwa, meno yake ya mbele yana rangi ya chungwa lililoiva. Mkono wangu ulikuwa umevimba kama andazi, kwa hiyo yeye alimburuta mnyama, nami nikabeba koleo, kamba ikiwa kiunoni.