Mnada ndani ya darasa la kwanza

Nilipopangiwa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, nilicheka. Mtu wa Muheza, Tanga, kufundishia Kiswahili, kuna kazi gani hapo? Kiswahili si ndiyo kwetu!

Njoo sasa ulione lenyewe darasa la kwanza. Watoto tisini na ushei. Wairaqw ndio wengi, kuna Wadatooga wanaotoka kuchunga, Wahadzabe wachache wamebanana nyuma, na watoto wa wakulima wa vitunguu waliohamia kutoka kila upande, Wanyiramba, Wasukuma, Wachaga. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga cha Kiniloti, na Kihadzabe wataalamu mpaka leo hawajakipatia ndugu popote. Wote hao, mwalimu ni mmoja, na lugha ya kufundishia ni Kiswahili tangu 1967.

Ushauri sasa. Mkongwe mmoja aliniambia anayetamka kilugha avishwe kibao shingoni siku nzima. Huo niliukataa palepale: mtoto hana Kiswahili, unamnyang'anya na alichonacho, abaki na nini? Mwingine akasema, "Madam, usijisumbue, waimbishe tu ba be bi bo bu, wataelewa wenyewe." Huu niliufuata, na jamani ulininogea! Darasa likatikisika. Mkuu wa shule alipita dirishani akatabasamu. Nikaita binti mmoja aje mbele asome kitabuni. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti inapaa. Kitabu kakishika juu chini. Nikamfunulia ukurasa mwingine, akasoma yaleyale!

Dawa niliipata mnadani nilikokwenda kutafuta mitumba. Namwona mwanafunzi wangu wa Kidatooga, ambaye tangu Januari sijasikia hata kikohozi chake, amesimama kati ya babu yake na mchuuzi, anatafsiri na kupandisha bei ya mbuzi. "Ongeza, huyu ana mimba." Kwa Kiswahili! Nilijibanza nyuma ya lundo la viatu nisimkatize.

Jumatatu mnada ukahamia darasani. Udongo wa mfinyanzi tulichota mtoni, kila mtoto akafinyanga mnyama wake. Ng'ombe wangu walimkataa, eti hana nundu. Mzazi mmoja alitupatia vitunguu vidogo visivyouzika, noti nikakata za karatasi, makopo matupu yakawa ya asali. Gharama yote manila na kalamu, hata nauli ya Karatu haifiki. Masharti yangu mawili tu: bila jina la bidhaa na bei uliloandika kwa mkono wako, huuzi, na mnunuzi asiwe wa lugha ya nyumbani kwako. Sikumwambia mtu aseme Kiswahili. Lakini Mwiraqw atamnunuaje mbuzi wa Mdatooga?

Kelele zake sizisimulii. "Mwalimu, huyu anataka lumbesa!" binti wa vitunguu analalamika, na kweli mnunuzi anajaza mfuko mpaka unavimba. Wahadzabe waligawa asali yao yote bure kabla sijageuka, kila aliyepita kapata. Nikaitumia hiyohiyo kwa hesabu za kugawa, na hapo wakawa wao ndio walimu. Yule bubu wangu nilimwendea na noti ya elfu kumi. Akaitazama. "Arobaini." Nikasema ishirini. Akambeba mbuzi wake, akanipa mgongo, akaita mteja mwingine. Nililipa thelathini na tano, tena kwa kubembeleza.

Mkuu alikuja kuulizia fujo, akaondoka na fungu la vitunguu.

Wewe unayekwenda shule kama hizo, jifunze basi kuhesabu kwa lugha zao. Wak, tsar, tam kwa Kiiraqw changu cha Kitanga walicheka mpaka wakashuka madawati, na anayecheka atataka kukurekebisha, hapo umeshampata. Usiwakalishe kwa makabila. Mgeni asiyejua neno mtafutie kaka yake wa darasa la nne akae naye wiki za mwanzo. Wale waliosoma kwa kukariri waandikie maneno kwenye vikaratasi uvichanganye, utawajua mara moja.

Mbuzi wa udongo waanike kivulini, juani wanakatika miguu. Na usiwaazimishe. Wangu walichukuliwa na darasa la pili, nikiwaulizia naambiwa bado wako malishoni.