Gundi ya meno bandia: navyofanya mimi mpaka harusi inaisha

Mi ni MC wa harusi, na meno yangu yote ya juu na ya chini ni bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Ukumbini wengi hawajui na wala sina shida wakijua. Wenzangu wenye meno kama haya wananiuliza sana nafanyaje mpaka nashika maiki kuanzia saa mbili usiku hadi kufunga ukumbi na hayachezi, sasa ngoja niseme.

Kwanza ya juu na ya chini tabia zao tofauti kabisa. Ya juu pleti yake, yaani ile plastiki inayoshikilia meno, inafunika kaakaa lote, ikikukaa vizuri inajishika yenyewe kwa mate kidogo tu, mi kuna siku ya juu sipaki kitu. Kazi ipo chini bwana, pale pleti imekalia ufizi mwembamba, halafu ulimi unaisukuma kila ukitamka neno, na mtu mwenyewe kazi yake ni kuongea!

Natumia gundi ya krimu, ya tyubu, naipata famasi. Ile krimu inafanya kazi kwa kunywa mate, inavimba inakuwa inanata inaziba kale kanafasi kati ya pleti na ufizi, ndo maana ukijaza nyingi haisaidii, inakuinulia meno tu na unaanza kuimeza. Naosha meno, nayafuta kwa kitambaa safi yakauke, nasukutua mdomo, halafu ya chini naweka vidoti vitatu saizi ya punje ya njegere, kimoja mbele na viwili huku na huku, siweki ukingoni kabisa kwa sababu ukiyabana inachuruzika nje. Navaa, nakandamiza kwa vidole, nang'ata na kushikilia kidogo, kisha nakaa kama dakika tano sili wala sinywi. Supu ya moto na chai ya moto vinailainisha gundi mapema, kwa hiyo nikiwa na kazi supu nakula ikishapoa, watu wanashangaa we mzee vipi. Mnaotumia gundi ya poda nyie ni kinyume, pleti mnaiacha na unyevunyevu ndo mnanyunyizia.

Sasa hili la kiasi nalisema kwa sauti. Kuna mzee mwenzangu tunacheza naye bao, anasema tyubu haimalizi wiki. Aisee! FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, wanasema tyubu ya gramu 68 kwa mtu anayepaka juu na chini kila siku inatakiwa imfikishe wiki 7 mpaka 8. Na baadhi ya krimu zina zinki, ambayo ukiimeza nyingi kwa muda mrefu inaufanya mwili ukose madini ya shaba, na shaba ikipungua mishipa ya fahamu inaharibika, mtu anapata ganzi miguuni na mikononi, anatembea anayumba, na damu inapungua. Mwaka 2008 madaktari Marekani waliandika habari za wagonjwa wanne waliokuwa wanamaliza tyubu mbili na zaidi kwa wiki, na 2010 kampuni ya GlaxoSmithKline wakaacha kutengeneza krimu zao zenye zinki. Mi nasoma boksi kwanza, nikiona zinki nairudisha.

Kilichomfikisha huyo mzee huko ni meno kulegea. Ukishang'olewa meno mfupa wa taya unasinyaa, mwaka wa kwanza ndo kwa kasi zaidi halafu unaendelea polepole, wakati pleti iko vilevile. Daktari wangu, dada mmoja umri wa mwanangu ila mkali, aliniambia, "Mzee wangu, siku ukiona unaongeza kidoti cha nne na cha tano usikimbilie famasi, njoo kwangu." Nikaenda kweli, akachukua vipimo, pleti ya chini ikaongezewa plastiki kwa ndani, na nikarudi kwenye vidoti vyangu. Na pleti zikivunjika msizibandike na supa glu jamani, ile si ya mdomoni.

Kuvua sivuti kwa nguvu. Nasukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, natikisa pleti taratibu kulia kushoto inaachia. Gundi iliyobaki kwenye fizi nafuta na kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, isilale mdomoni. Meno nasugua kwa brashi laini na sabuni ya maji, dawa ya meno inayakwaruza, na maji yanayochemka usiguse maana plastiki inapinda. Chini ya bomba naweka beseni lenye maji, yakiponyoka yasivunjike. Usiku yanalala kwenye kopo la maji safi na mi nalala kibogoyo, fizi zipumzike, la sivyo unaamka kaakaa jekundu lina fangasi. Mama watoto alicheka siku za mwanzo, sasa hivi ndo anayenikumbusha kuyavua.