Paka akimeza kafeini: mpime uzito, okota pakiti

Ukimpigia simu daktari wa mifugo atakuuliza paka amemeza nini, kiasi gani na saa ngapi. Kisha atauliza ana kilo ngapi, na hapo ndipo wengi hukwama. Panda mzani ukiwa umempakata, shuka, panda tena peke yako, utoe. Ukiwa huna mzani, kadiria: paka wengi wa nyumbani wana kilo 3 hadi 5.

Kafeini miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito huanza kumsumbua: hatulii, anatapika, anakojoa mara kwa mara. Zikifika 40 hadi 50 moyo huenda mbio na mapigo huvurugika. Kwenye 60 huja degedege. Kwa paka wa kilo 3, kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya unga ya kuyeyuka, takriban gramu 2, kina karibu miligramu 60, kwa hiyo tayari yumo hatarini. Kulamba tone la chai ya maziwa sakafuni kwa kawaida hakumdhuru. Machicha ya kahawa kwenye ndoo ya taka yana kafeini nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kinachotutia hofu zaidi ni vidonge vya maumivu. Kidonge cha Panadol Extra kina kafeini miligramu 65 na parasetamoli miligramu 500. Hapo kafeini ndiyo shida ndogo. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli ipasavyo, na miligramu 10 tu kwa kilo zimewahi kuwadhuru paka, kwa hiyo hata robo ya kidonge ni dharura. Mfunue mdomo utazame fizi: zikigeuka rangi ya kahawia, au uso na nyayo zikivimba, damu yake imeshaacha kubeba hewa vizuri. Ipo dawa ya kuikabili, asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ikiwahiwa. Ndiyo maana tunasisitiza ubebe pakiti yenyewe, hata kama imetafunwa.

Usimtapishe nyumbani. Chumvi humwua kwa sumu yake yenyewe, haidrojeni peroksaidi huchubua tumbo la paka hadi litoe damu, na mafuta au maziwa ya kumimina kwa nguvu huingia mapafuni. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao hausaidii. Unaonasa sumu ni ule wa dawa, na apewe na daktari paka akiwa na fahamu ya kumeza.

Dalili huanza ndani ya saa moja au mbili, basi usingoje kuziona. Mtie kwenye boksi lenye matundu, lifunike kitambaa, zima redio ya gari. Kelele huzidisha mitetemo. Akiwa ametulia hesabu pumzi zake kwa dakika moja: zaidi ya 40 mwambie daktari. Akiwa wa moto sana, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, si barafu.

Kliniki atawekewa dripu na dawa za kutuliza degedege na moyo, na anaweza kulazwa siku moja au zaidi. Wakimwekea mrija wa mkojo usishangae: kafeini iliyofika kwenye kibofu hufyonzwa tena na kurudi kwenye damu, hivyo kibofu kisiachwe kijae.