Jinsi nilivyoziba ribiti zinazovuja kwenye boti kuukuu ya alumini
Boti ikiwa juu ya trela, mimina maji ndani, sentimita 10 tu: lita moja ni kilo moja, na trela kuukuu haikuundwa kubeba kisima. Kila ribiti (pini ya chuma inayoshikanisha mabati) iliyodondosha maji chini niliizungushia alama.

Nyingi zilikuwa zimelegea tu, kwa hiyo zilikazwa upya. Mmoja anakandamiza chuma kizito kwenye kichwa cha nje, mwenzake anagonga mkia kwa ndani, mapigo mafupi mafupi. Ukizidisha nguvu, bati linabonyea na ribiti ya jirani inaanza kuvuja.

Zilizolika nilizitoa kwa drili. Ribiti ya milimita 4.8 inataka tundu la 4.9. Niliweka ribiti za pop (zinazovutwa kwa bunduki ya ribiti kutoka upande mmoja) za alumini zilizozibwa mwisho, nikazipaka gundi ya poliurethani ya baharini. Ribiti za pop za kawaida zina tundu katikati, zitavuja tu. Silikoni iache dukani. Rangi haishiki juu yake.

Trela nayo usiisahau: beringi zake zibadilishwe zote, zijazwe grisi ya baharini. Baada ya safari ya barabarani, habu (kitovu cha gurudumu) ipoe kwanza ndipo uizamishe majini: ikiwa moto, hunyonya maji kupitia sili (mpira wa kuzuia maji).