Pumu ilitulia, sauti ikakauka

Nafundisha darasa la pili na nina pumu tangu utotoni. Beklometasoni, steroidi ya kuvuta kwa pampu asubuhi na jioni, ndiyo iliyonitoa katika maisha ya kulazwa kila masika yanapoingia. Naithamini sana dawa hii, na ndiyo maana nataka kueleza ilivyonisumbua koo na nilivyoweza kuendelea nayo.

Ilianza na sauti. Asubuhi ilikuwa nzima, lakini kufika kipindi cha nne inakwaruza, na nikiwaanzishia watoto wimbo inakatika. Mafua sikuwa nayo. Baadaye chai ya tangawizi ikawa inanichoma, na kwenye kaakaa pakatokea utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukiukwangua, panabaki pekundu na panauma.

Wenzangu walinishauri niache dawa. Ushauri huo naupinga kwa nguvu zangu zote. Steroidi ya kuvuta hutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa. Ukiiacha, uvimbe unarudi kimyakimya, na siku pumzi ikikubana salbutamoli, ile dawa ya kufungua njia za hewa haraka, peke yake inaweza isikutoshe. Tena aliyezoea dozi kubwa kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zake huenda zimepunguza kazi, na kuikata ghafla kunaweza kumwangusha.

Daktari alinimulika mdomoni akasema, "Mwalimu, hizi ni fangasi." Kila ukibonyeza pampu, sehemu kubwa ya dawa huishia mdomoni na kooni, na kidogo tu ndiyo hufika mapafuni. Ile inayobaki njiani hushusha kinga ya mahali hapo, na fangasi wanapata upenyo. Nyuzi za sauti nazo zinaweza kuwashwa nayo, au misuli yake ikalegea. Akaniandikia nistatini ya maji, dawa ya fangasi, niizungushe mdomoni kwanza kabla ya kumeza.

Ili dawa isiishie mdomoni, kuna chemba ya kupachika kwenye pampu, chombo kinachoishika dawa kwanza ndipo uivute. Bei yake ilinishinda, kwa hiyo muuguzi akanionyesha ya kutengeneza kwa chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita. Watafiti wa Cape Town walishaipima kwa watoto wenye pumu, na majibu yao ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri ilifikisha dawa ya kufungua njia za hewa sawa na chemba ya kununua. Unakunja waya ukafuata umbo la mdomo wa pampu, unaupasha moto, unauchomeka kwenye kitako cha chupa. Pampu iingie ikibana, na upenyo wowote uuzibe kwa gundi. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na ijikaukie yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inapata chaji ya umeme na dawa inanata ukutani. Kisha tikisa pampu, bonyeza mara moja tu, vuta taratibu kupitia shingo ya chupa, zuia pumzi hadi hesabu ya kumi. Ukimaliza, sukutua mpaka kooni na uteme. Pampu yangu inakaa pamoja na mswaki, hivyo kusukutua hakunipiti.

Fangasi ziliisha upesi. Sauti ilichelewa, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Chemba hukinga fangasi zaidi kuliko inavyookoa sauti, kwani dawa iendayo mapafuni lazima ipite katikati ya nyuzi za sauti. Kilichonisaidia ni dozi. Pumu ilipokuwa imetulia miezi mitatu mfululizo, daktari aliipunguza nusu, akanitaka nirudi mara moja nikianza kukohoa usiku. Darasani nikaacha kupaza sauti: napiga makofi, na wimbo anaanzisha kiranja. Sauti ikarudi kidogokidogo, sasa inanifikisha hadi kengele ya mwisho.

Wanaotumia pampu ya dawa ya unga chemba haiwahusu, ila kusukutua kunawahusu vilevile. Na sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, koo likaangaliwe na mtaalamu, maana si kila mkwaruzo unatokana na dawa.