Masala Kulangwa kwenye stika: kumbukumbu ya meza yangu ya kwanza, Mwanza

Februari 16

Leo nimelipia meza. Shilingi 40,000 kwa nusu meza, upana sentimita 90. Tamasha ni la siku moja, mwishoni mwa Mei, hapa hapa Mwanza: mashindano ya gemu ukumbini, kosplei jukwaani, yaani watu waliovaa kama wahusika wa katuni na gemu, na safari hii wachoraji tumetengewa ukuta mmoja. Tuko wanane.

Huu ni mwaka wa sita nachora. Watu wanaandika "kali sana" chini ya picha, nafurahi, kesho yake picha imeshazama. Ninachotaka sasa ni kumwona mtu akisimama mbele ya mchoro wangu na kutia mkono mfukoni. Kule Tokyo, tarehe 21 Desemba 1975, makundi 32 ya wachoraji yalikutana kuuza vijarida walivyochapa wenyewe, na waliokuja walikuwa kama watu 700. Ndiyo ikawa Comiket, ambayo kiangazi cha 2019 ilipokea watu 730,000 kwa siku nne. Hesabu inayonipa moyo ni ile ya mwanzo. Makundi 32 wao, wachoraji wanane sisi. Si mbali.

Machi 2

Nimegawa meza. Kushoto nitaweka wahusika wa anime, katuni za Kijapani, ambao kila mtu anawajua: ninja wa nywele za njano, yule wa kofia ya majani, na wapiganaji wa kwenye gemu. Hao ndio wanaomsimamisha mpita njia. Kulia ni kitu changu, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kwa asiye wa huku: Shing'weng'we ni zimwi la hadithi za Wasukuma. Alivyonisimulia bibi yangu, lilimeza watu wote, likameza ng'ombe, likameza hadi mbwa. Akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa. Masala ni akili. Mtoto alipokua akauliza, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi? Alipoambiwa, akachukua silaha akaenda kulitafuta zimwi ambalo hajawahi kuliona. Akakamata panzi, akarudi naye: "Mama, ndiye huyu?" Mama akasema siye. Akaleta ndege. Siye. Akaleta swala. Siye. Mpaka siku alipokutana nalo lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka wote.

Hebu angalia hadithi hiyo kwa jicho la mchoraji wa stika. Panzi, ndege, swala, zimwi. Ni seti tayari! Wazee wetu walishaipanga. Nimechora kila kipande na mtoto yule yule, mikono ile ile imenyoosha windo mbele, macho yanamwangalia mama ambaye haonekani kwenye picha. Anayemtazama mtoto ni wewe uliyeshika stika. Wewe ndiye mama.

Machi 23

Wiki mbili zimeliwa na rangi ya bluu.

Bango kubwa la A3 ni usiku wa giza ziwani, mwezi hakuna, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji, na nyuma yake mgongo wa Shing'weng'we unainuka kutoka majini. Anayeishi Kirumba anajua usiku huo. Kwenye tableti bluu yangu inawaka. Nikaipeleka kuprinti mjini, ikatoka zambarau. Zambarau kabisa, kama juisi ya zabibu. Kijana wa printa akaniambia mashine ni nzima, nikabisha, tukaprinti tena, zambarau ile ile. Shilingi 3,000 na 3,000.

Nimekaa chini nikajifunza, na nawaandikia hapa ili msilipie somo hili mara mbili. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga, inarudisha tu ule unaoipiga, na printa ina wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu nzito inatengenezwa kwa samawati na majenta, na majenta ikikaribia samawati jicho linaona zambarau. Kanuni ya mafundi ni kuacha pengo la angalau 30 kati ya asilimia za wino hizo mbili. Mimi nilikuwa na samawati 100 na majenta 88. Nikashusha majenta hadi 60. Mwako wa kwenye skrini haukurudi, wala hautarudi, lakini ziwa limerudi kuwa ziwa.

Halafu giza. Ukijaza nyeusi peke yake inatoka kijivu, kama ubao uliofutwa vibaya. Chini yake weka samawati kidogo na majenta kidogo, ndipo usiku unakuwa na kina.

Jambo la tatu ni fupi: A3 inataka pikseli 3,508 kwa 4,961 ili itoke kali. Mchoro wangu wa zamani nilioupenda kuliko yote ulikuwa na upana wa pikseli 1,200. Nimeuchora upya wote, jioni nne.

Sampuli ya tano nimeibandika ukutani. Mdogo wangu ameingia, ameangalia, akauliza, "Hii ni Mwaloni ukiwa umesimama wapi?" Mwaloni ni soko letu la samaki kando ya ziwa. Basi. Limekubali.

Aprili 13

Bei. Karatasi moja ya vinaili, ile ya plastiki yenye gundi nyuma, ya A3 inatoa stika 24 za sentimita 6 na naprintiwa kwa 6,000, yaani 250 kila moja kabla ya kukata. Nitauza 1,000. Kadi za A6 nitauza 2,000, A4 8,000, A3 15,000. Rafiki anasema 15,000 ni nyingi kwa karatasi. Si karatasi. Ila nimeelewa kwa nini stika lazima iwepo: mwanafunzi aliyebakiza buku baada ya nauli naye aondoke na kitu.

Nimekuwa nikimfikiria sana Edward Saidi Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, alichora kwa rangi ya baiskeli kwenye vibao vya dari vya sentimita 60 kwa 60, kwa sababu ndivyo vilivyopatikana kwa bei anayoiweza, na picha zikauzwa nje ya maduka kule Oyster Bay. Umbo la mraba la picha tunazoziita leo za Tingatinga lilianzia kwenye kibao cha dari. Alifariki 1972, kabla hajaona jina lake likiwa jina la sanaa nzima. Kila ninapolalamika kwamba mjini hapa A3 ndiyo mwisho wa printa nyingi, namkumbuka, kisha napanga mchoro uenee kwenye A3.

Upande wa kushoto wa meza unanisumbua pia, na sitaficha. Wale wahusika wana wenyewe. Japani wachapishaji wengi huwafumbia macho mashabiki wanaouza kazi ndogo ndogo, lakini kufumbiwa macho si ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nimeisoma kwa mara ya kwanza mwezi huu, na kilichonishtua ni kwamba ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Kumbe sheria hiyo hiyo inayomlinda mchoraji wa Tokyo imemfikiria na bibi yangu. Nimeamua mambo mawili. Kazi za mashabiki hazitazidi theluthi ya meza. Na nyuma ya kila kadi ya Masala itaandikwa: hadithi ya Wasukuma, kama ilivyosimuliwa na bibi wa mchoraji.

Mei 4

Stendi. Fundi wa kuchomelea Igogo amenikatia kipande cha wavu wa chuma wa ujenzi, akakiwekea miguu: 35,000. Picha zinaning'inia kwa vibanio vya nguo. Ukizilaza mezani, mtu wa safu ya pili haoni chochote. Meza nimeifunika kaniki, na hapo nimepatia kuliko nilivyotegemea: weusi wake hauna mng'ao, kwa hiyo rangi zote zinajitokeza mbele.

Upepo wa ziwa haunishangazi, nimeokota mawe bapa ya kukandamizia kadi. Mawe hapa hayatafutwi.

Siku ya tamasha

Naandika nikiwa na miguu inayouma na furaha nisiyojua niiweke wapi.

Saa tatu asubuhi kimya. Saa nne wakaanza kuingia wa mashindano ya mpira wa gemu, wanapita moja kwa moja kwenye skrini. Saa sita kosplei zikatoka nje kupumzika, na hapo ukuta wetu ukajaa. Wanasimama kushoto, kwa ninja. Wananyoosha kidole, wanataja jina, wanacheka. Kisha macho yanahama. "Na huyu mtoto na panzi ni wa anime gani?" Nilisikia swali hilo siku nzima, na kila mara nilisimulia. Nikifika kwa swala, tayari kuna mtu anasema, "Subiri, hii bibi alikuwa anatusimulia!" Binti mmoja aliyevaa wigi la pinki aliimalizia mwenyewe mbele ya wenzake, kwa Kisukuma, na aliinunua seti nzima.

Alasiri akaja mama mtu mzima, khanga mbili, ameongozana na mjukuu wake aliyetolewa kwenye mashindano raundi ya kwanza. Nikamwamkia.

"Mwadila mayu."

Akanijibu, akaniuliza nyumbani, akaniuliza wazazi, na huku jicho liko kwenye bango. Akaomba alishike. Akalisogeza mbali, akalirudisha karibu. Kisha akageukia stika ya zimwi lililopasuliwa, watu wanatoka.

"Umechora vizuri mwanangu. Sikio liko wapi?"

"Sikio gani mama?"

"La bikizee! Alipokuwa anapasua tumbo, kisu kilimkata bikizee sikio. Bikizee akakasirika, akataka kumroga mtoto. Kaokolewa, halafu kakasirika. Masala ikabidi atafute dawa amponye." Akanitazama. "Bibi yako hakukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia nikiwa nimelala; hadithi zake nyingi niliishia katikati. Amefariki mwaka wa nane sasa, siwezi kumuuliza. Nilisimama pale nyuma ya kaniki yangu nikasikia kitu kinanikaba kooni, kwa sababu miezi mitatu nilikuwa nachora mwisho ambao siyo mwisho. Mtoto anaua zimwi, watu wanatoka, shangwe. Kumbe aliyewaokoa wote bado alikuwa na mtu mmoja wa kumwomba radhi.

Mama hakununua bango. Alinunua stika ya panzi, akambandikia mjukuu nyuma ya simu, akaniachia namba ya mjukuu.

Mei, siku mbili baadaye

Hesabu. Stika 123, kadi 31, A4 9, A3 3. Jumla 302,000. Gharama zote, pamoja na meza, stendi, kaniki, sampuli zilizoharibika, nauli na chakula: 255,000. Zimebaki 47,000 na mzigo kiasi. Saa za kuchora sijazihesabu humo. Stendi na kaniki sitanunua tena, hivyo meza ijayo itaanza na nafuu ya 47,000 nyingine.

Kwenye zile stika 123, wahusika wa watu ni 65 na Masala ni 58. Nilidhani itakuwa Masala moja kwa kila tatu za wale wengine. Waliochukua panzi peke yake ni wachache sana. Ukishachukua panzi unataka kujua jibu la mama.

Makosa ya kurekebisha: chenji iliniishia saa saba, na lipa namba niliiandika kwa herufi ndogo hadi watu wakawa wanainama kuisoma.

Juni 8

Nimechora sikio mara sita. Ugumu si sikio, ni uso wa bikizee. Hasira yake haitakiwi kuwa ya mchawi wa kuchekesha. Ni mtu aliyekaa gizani na kijiji kizima, ameona mwanga kwa mara ya kwanza, na mwanga umekuja na kisu. Mkono mmoja umeziba sikio, damu inapita kati ya vidole, na jicho linamtazama mtoto. Mtoto yule yule, mikono ile ile, safari hii imenyooka mitupu. Hana windo la kuonyesha.

Nimeituma kwa mjukuu. Jioni kikaja kipande cha sauti, kuku wanalia nyuma yake. Mama amesema sawa, ila sasa watu wataona kajeruhiwa na hawataona kapona.

Nafikiria Nairobi mwakani. Wenzetu wana NAICCON, tamasha la katuni la Nairobi, na ukuta wa wachoraji ni mrefu kuliko wetu. Basi hadi Musoma, Tarime, Sirari, kisha Kisii. Hayo bado.

Kwanza karatasi ya vinaili. Stika 24. Nilikuwa na aina nne, sita sita, ikajaa. Kwa aina tano, nne nne, zinabaki nafasi nne tupu ambazo zingetupwa pamoja na mabaki. Usiku huu nimeanza mchoro wa sita: bikizee amekaa kwenye kigoda, kichwa ameinamisha upande, na Masala amepiga magoti anapaka dawa. Ijumaa naprinti.