Grissom wa Kuchorwa

Dodoma, Jumapili jioni

Leo nimemaliza kusoma CSI: Serial, kitabu cha katuni kilichotokana na CSI, tamthilia ya televisheni ya upelelezi ya Marekani iliyoanza kurushwa mwaka 2000 na kudumu hadi 2015. Kilitolewa na IDW, kampuni ya Marekani ya vitabu vya katuni, hadithi ikiandikwa na Max Allan Collins na michoro ikifanywa na Gabriel Rodriguez wa Chile pamoja na Ashley Wood wa Australia. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Majengo, chini ya rundo la vitabu vya uhasibu.

Kisa chenyewe hakihitaji kusimuliwa kirefu: wanawake wanauawa Las Vegas kwa mtindo wa Jack the Ripper, muuaji wa Whitechapel, London, wa mwaka 1888 ambaye hakukamatwa kamwe, wakati mji huo umepokea mkutano wa watu wanaofuatilia habari zake. Kwamba mtu anaweza kulipa nauli na hoteli kwa ajili ya mkutano wa namna hiyo kulinishangaza kuliko mauaji yenyewe.

Kilichonishika ni michoro. Sehemu kubwa ya kurasa ina mistari safi ya Rodriguez, ambamo kila chupa ya maabara inaonekana ilipowekwa, lakini wapelelezi wanapoanza kukisia jinsi tukio lilivyokuwa, Wood huingia na rangi zake nzito zenye ukungu, nyuso zikififia na kingo za vitu zikiyeyukiana. Katika televisheni, kamera ikizama ndani ya jeraha kuifuata njia ya risasi, mtazamaji hutoka akiamini kwamba ameshuhudia, ilhali alichoonyeshwa ni maelezo ya mtaalamu tu. Katuni haimruhusu msomaji kujidanganya hivyo, kwa sababu dhana imepakwa rangi ya dhana, na kwa hili naiona kuwa na uaminifu kuliko mama yake, yaani tamthilia.

Tena hakuna anayekukimbiza. Tuliokulia kwenye mabanda ya video tulizoea kuamuliwa na mtafsiri lini tushtuke na lini tucheke. Hapa nilirudi nyuma kurasa kadhaa kukagua upya chumba ambacho wapelelezi walikwisha kukiacha, na hakuna aliyenizomea.

Palipopwaya ni kwenye sura. William Petersen, aliyeigiza Gil Grissom, mkuu wa wapelelezi hao, kwenye tamthilia, humwonyesha mtu huyo kwa kunyamaza na kuinamisha kichwa kidogo, na unyamavu wa namna hiyo ukichorwa kwa kufuata picha ya mwigizaji hugeuka kinyago. Mpwa wangu alichungulia ukurasa mmoja akauliza, “Mjomba, huyu mzee mbona kama amegombana na watu wote?” Wachoraji wa Sani, gazeti letu la katuni, hawakuwa na mzigo huo; mhusika wao Ndumilakuwili hakuwa na mwigizaji wa kufananishwa naye, hivyo uso wake uliweza kuvutwa upande wowote ambao kichekesho kilitaka. Rodriguez amefungwa mikono na mfanano, na vile viputo vilivyojaa maelezo ya maabara vinazidi kumbana.

Mpwa amekwisha kukiomba kitabu. Nimemkatalia, maana zile kurasa za Wood si za mtoto wa darasa la tano, na badala yake nimemwahidi kumtafutia matoleo ya zamani ya Sani kwa muuzaji yuleyule.